Mfupi Kumi na Moja, Mrefu Mbili

Mwezi wa kumi huku kwetu Savo, nchi ya maziwa na barafu, mvua huwa haijaamua iwe mvua au theluji, basi inakumwagia vyote viwili. Hata hivyo asubuhi ile wenyewe walikuwa wameshakaa. Mimi ni Helvi, mwenye hema la kahawa pale kona ya soko, mkabala na kanisa. Birika langu, vikombe vyangu, na maandazi ya iliki nayaoka kwa mkono wangu. Benchi la mbele ni la manispaa, lakini jaribu kulikalia uone. Wenyewe ni hawa: Stima, aliyekuwa fundi umeme wa reli, Kengele, aliyegonga kengele ya kanisa hili hili mpaka masikio yakaomba poo, naye ana methali ya kila jambo isipokuwa jambo linalozungumzwa, na Waziri, ambaye hajawahi kuwa waziri wa chochote. Alikaa kipindi kimoja kwenye kamati ya maji taka ya mji, na mpaka leo akiomba sukari anahutubia. Wa nne wao, Taisto, dereva wa treni mstaafu, alikuwa hajafika. Upande wa pili wa njia nesi mgeni alikuwa anatandika meza yake kitambaa cha buluu, na juu yake bango: TUNZA UBONGO WAKO UNAPOZEEKA. Huku kwetu husemwa Msavo akifungua mdomo, mzigo wa kuelewa ni wa msikilizaji. Siku ile msikilizaji nilikuwa mimi.

— Mmeona bango? — Stima akaelekeza kwa kidevu. — Siku hizi hata ubongo unapelekwa kwenye maonyesho, kama ng'ombe.

— Limeandikwa kwa ajili yako — Waziri akamjibu. — Jana umetafuta miwani mpaka chini ya benchi, kumbe iko puani.

— Miwani ni idara ya macho, mheshimiwa. Usichanganye idara.

— Haya fundi, tuelimishe. Ubongo unatunzwaje?

— Kitu kidogo sana hicho. Ubongo ni betri. Ukiutumia unaisha. Mimi ndiyo maana sijazi fumbo la gazeti, sihesabu chenji, sibishani na mke wangu. Naweka akiba. Nikifika tisini, nyie mtakuwa mmezima, mimi ndiyo nawaka.

— Kweli kabisa, huo wako bado uko kwenye karatasi yake ya dukani — nikamwambia nikimmiminia. Nilikuwa sijaulizwa, lakini hema ni langu.

— Dada Helvi, wewe mimina tu.

— Namimina na kusema. Mikono na mdomo kwangu havigombani.

Waziri akakohoa. Akikohoa hivyo ujue hotuba inakuja.

— Wananchi. Tuache porojo. Dunia nzima inajua hakuna watu wanaokunywa kahawa kama sisi. Kwa nini Mungu akatupa kiu hiyo? Kwa sababu ubongo ni kama mkate wa shayiri uliokauka, usipouchovya unavunjika. Vikombe vinane kwa siku. Chini ya hapo ni uzembe.

— Na moyo?

— Moyo ni wizara nyingine.

— Nyote mnapiga kamba — alisema Kengele kwa sauti ya juu, maana yeye husema na kila mtu kana kwamba yuko ng'ambo ya ziwa. — Dawa ni barafu. Mwezi wa kwanza toboa shimo ziwani, zama mpaka kisogo. Samaki wa kwenye barafu mmemwona akioza? Hamjamwona! Ubongo uliogandishwa haupati hata kidoa. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

— Wahenga hawakusema hayo kwa ajili ya kisogo chako, Kengele.

— Walisemea nini basi? Nguo si zimevuliwa? Maji si yapo?

Hapo hata mimi nilicheka. Stima, akiona betri yake imezimwa na shimo la barafu, akapandisha dau. Akasema siri kubwa ni kulala kichwa kikiwa kaskazini, kwa sababu damu ina chuma, na ncha ya dunia inakivuta, basi usiku kucha ubongo unajazwa kama tanki. Waziri akasema hiyo bado ni elimu ya chekechea. Babu yake alikuwa akijipaka lami ya msonobari utosini ndani ya sauna, kile chumba chetu cha mvuke, kisha ananing'inia kichwa chini kwenye kibao cha juu, na amekufa na miaka tisini na kitu akikumbuka majina ya farasi wote wa kijiji.

— Alikufa na nini? — akauliza Stima.

— Alianguka kutoka kwenye kibao.

— Basi hesabu haijakaa.

— Kichwa kilikuwa kizima! Shingo ndiyo ilimwangusha!

Wakacheka, wakapigana mabega. Kisha Kengele akatazama njia inayotoka stesheni, akauliza kitu ambacho nilijua wote wanakizunguka tangu asubuhi.

— Taisto mbona hajaja?

Stima akazungusha kikombe chake juu ya goti.

— Labda amelala.

— Taisto halali. Dereva wa treni halali mpaka saa hizi.

— Jumamosi... — Waziri alianza, safari hii bila kukohoa. — Jumamosi alisimamisha gari katikati ya kipilefti. Magari yanapiga honi nyuma. Akanigeukia, akaniuliza, "Mzee, tunakwenda wapi sisi?" Nikamwambia, nyumbani. Akauliza, kwa nani?

— Sote tulikuwemo garini — Stima akamkata. — Huna haja ya kutusimulia.

— Mlicheka.

— Hata wewe ulicheka.

Inabidi nieleze, ingawa ulimi wangu hautaki. Kwetu mtu akishazeeka leseni haisogei bila cheti cha daktari. Stima leseni yake imeondoka na macho. Kengele hajawahi kuendesha kitu chenye magurudumu zaidi ya toroli. Waziri aliuza gari alipofiwa na mkewe. Kwa hiyo gari la benchi ni moja, lile la kijani la Taisto, na ndilo linalowapeleka kuvua kwenye barafu, kuchuma uyoga, na Jumamosi kwenye sauna ya Kengele kando ya ziwa. Mwezi wa nne zamu ya Taisto kwenda kwa daktari ilifika. Alikuja hapa amenyong'onyea, akasema Aune, mke wake, amepiga simu kituo cha afya bila kumwambia, amewaeleza kwamba mumewe anasahau, na sasa watampima kichwa. Stima alikuwa ameshapimwa mwaka uliotangulia, alifaulu kichwa akafeli macho. Maswali yote alikuwa nayo.

Wakamfundisha. Hapa, juu ya meza zangu, kwa tishu zangu. Kila asubuhi Taisto alichora saa, na Stima alipiga kikombe kwa kijiko kama mwalimu wa kwaya: "Mfupi kumi na moja, mrefu mbili! Mfupi kumi na moja, mrefu mbili!" Mishale ya saa tano na dakika kumi, ndiyo daktari anayoitaka. Kisha maneno matatu ya kukumbuka: shoka, pazia, samaki. Mwanzoni Taisto alikuwa anaweka namba zote upande mmoja wa saa, kama abiria waliokimbilia dirisha moja. Tuliona. Kengele alisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na hiyo methali siku ile niliiona imekaa mahali pake kabisa. Alipotoka kwa daktari na cheti tulipiga kelele kama timu ya hoki imetwaa kombe. Maandazi ya siku ile nilitoa bure. Naona aibu hata kuyataja.

— Mtu amwambie Aune — Kengele alisema sasa, taratibu, kitu ambacho kwake ni muujiza.

— Amwambie nini? — Stima akauliza.

— Kwamba tulimfundisha.

— Halafu gari linaondoka. Na barafu inakuja. Utakwenda ziwani kwa toroli?

— Mimi nakaa mbele — Waziri akasema haraka. — Namwelekeza. Kulia, kushoto, taa nyekundu, simama. Hata kwenye treni enzi zile dereva alikuwa na msaidizi. Hakuna tatizo mpaka sasa.

— Mpaka sasa — nikasema.

— Dada Helvi, usituchungulie kwa macho hayo. Na wewe ulitoa tishu.

Angenipiga kibao ingekuwa nafuu.

— Isitoshe — Waziri akaendelea, akitafuta pa kutokea — Aune naye si wa kumtegemea. Taisto anasema vitu nyumbani vinahamahama. Funguo kwenye friji, pochi kwenye ndoo ya kuni. Akiuliza, Aune anasema si yeye. Taisto anasema ni yeye. Mimi mwezi uliopita nilimkuta kwenye duka la samaki nikamwambia kwa upole, Aune, pumzika mama, unachanganya mambo.

— Ulimwambia hivyo? — Kengele akauliza.

— Kwa upole!

Hapo ndipo nesi alipovuka njia. Meza yake ilikuwa haijapata mteja hata mmoja; watu wetu wakiona bango la kichwa wanageuza shingo kama wameona jirani wanayemkwepa. Alikuwa dada mwenye mashavu mekundu kwa baridi, jina lake Iida, ametokea pwani ya magharibi wanakoongea kwa kukata maneno.

— Shikamooni wazee. Kahawa ipo? Na pa kukaa?

Wakasogea. Sikuamini. Benchi lile halijasogea tangu enzi za marka, pesa yetu ya zamani.

— Marahaba, nesi. Karibu — Waziri akajinyoosha koti. — Umekuja wakati mwafaka. Tuko kwenye kikao cha mambo ya ubongo. Huyu bwana anasema ni betri.

— Betri? — Nesi akacheka, akapuliza kahawa. — Afadhali ungesema njia ya msituni, baba. Isipopitwa inaota majani. Jifunze wimbo, jaza hilo fumbo la gazeti, bishana. Kubishana kwenu hapa ni dawa kuliko mnavyodhani.

— Umesikia, Stima? Akiba yako imeota majani!

— Na shimo la barafu je? — Kengele akauliza.

— Kama moyo umeruhusiwa na daktari, ogelea. Lakini utembee pia, kila siku, mpaka upumue kwa nguvu kidogo. Presha mnaipima?

Wakaangalia viatu.

— Sukari? Usingizi mnapata? Sigara mmeacha? Pombe ya Ijumaa inaishia Ijumaa? Samaki na matunda ya msituni mnayo mengi, hilo siwafundishi. Na masikio. Mtu asiyesikia anajitenga, na ubongo unabaki bila kazi. Baba, wewe kifaa chako cha kusikia kiko wapi?

— Kwenye droo — akasema Kengele.

— Droo inasikia vizuri?

Siku nyingine tungemcheka Kengele wiki nzima. Siku ile alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Waziri akasogea karibu na nesi. Akashusha sauti, lakini sauti ya Waziri ikishushwa bado inafika posta.

— Nesi, kuna swali limetoka kwa mwananchi mmoja. Simjui. Tuseme mzee fulani, wa mji mwingine, amekwenda kupimwa kumbukumbu. Na rafiki zake, kwa nia njema, walikuwa wamemwonyesha maswali. Akafaulu. Hiyo... hiyo ina madhara?

Nesi alimtazama. Kisha akatazama mbele yake, kwenye meza yangu, penye rundo la tishu.

— Mtoto ana homa — akasema. — Wewe unachovya kipimajoto kwenye maji baridi kabla daktari hajakisoma. Homa imeshuka?

— Haijashuka.

— Na daktari atampa dawa?

— Atamrudisha nyumbani.

— Ndiyo hivyo. Ule si mtihani wa shule, baba, kwamba ukishafaulu umepona. Tukijua mapema kuna mengi ya kufanya. Pengine ni tezi, au vitamini, au huzuni tu, na vinatibika. Na kama ni ule ugonjwa wenyewe, kuna dawa zinazosaidia kiasi, kuna mazoezi, kuna kuipanga nyumba, mtu anaamua mambo yake mwenyewe angali anaweza. Huo muda ukipotea, nani ataurudisha?

— Nia yao ilikuwa njema — Stima akanong'ona.

— Sina shaka. Lakini mimi huwa namfikiria mwingine. Karibu kila nyumba kuna mtu aliyeona kwanza. Mke, mume, mtoto. Akasema, hapa kuna kitu. Kipimo kikisema hakuna kitu, huyo anaonekanaje?

Nakwambia, mvua ilisikika kwenye turubai. Kengele akafungua mdomo.

— Mficha maradhi...

Akaufunga. Ndiyo methali pekee niliyowahi kumsikia akiipatia kweli kweli, na akaimeza nusu.

Nilikuwa nataka kusema kitu. Nilikuwa nataka kusema, nesi, mzee huyo si wa mji mwingine, na tishu ni zangu. Nikashika birika, nikamwongezea kahawa mtu ambaye kikombe chake kilikuwa kimejaa.

Na hapo wakatokea. Kutoka upande wa stesheni, kwa miguu, Aune na Taisto. Taisto amevaa kofia yake ya reli, amenyoa, uso umeng'aa kama siku ya kupokea mshahara. Alipotuona akainua mkono kabisa. Aune amemshika kiwiko. Alikuwa amepungua, yule mama. Koti lake la kijivu lilikuwa limebaki na nafasi ya mtu mwingine ndani. Nilikuwa namwona kila wiki na sikuwa nimemtazama.

— Vijana! — Taisto akaita. — Mmeanza bila mimi!

— Njoo mzee, njoo — wakasema kwa pamoja, haraka mno. Stima akampa nafasi yake, yeye akasimama.

Aune hakuwasalimia. Si kwa ubaya, macho yake yalikuwa kwa nesi.

— Samahani, wewe ndiye wa ile meza? Nimesoma kwenye gazeti utakuwepo leo. Tangu asubuhi nimefika mara mbili mpaka stesheni nikarudi. Nilitaka kuulizia kupimwa.

— Karibu sana mama. Ni kwa ajili ya mzee?

— Hapana. Ni mimi.

Waziri akaweka kikombe chini. Kikapinduka, hakukiinua.

— Mimi ndiye nina tatizo — Aune akaendelea. Aliongea kama mtu aliyeyapanga maneno njia nzima asiyasahau. — Nilidhani ni mume wangu. Nilimpigia hata daktari simu, Mungu anisamehe, nikamsema mume wangu kwa mtu baki. Akapimwa, akapatia yote. Saa aliichora kama mtoto wa shule, daktari alinionyesha. Akaniambia, mama, mzee ni mzima, wewe ndiye umechoka. Akaniandikia mimi dawa ya usingizi. Basi nikajua. Maana vitu nyumbani vinapotea, mimi naapa sijavigusa, na yeye anaapa hajavigusa, na yeye ndiye amefaulu. Jiko linakutwa linawaka. Nani amewasha? Siku hizi najifunga kitambaa mkononi nikizima, ili nijue nimezima. Hata watu wameshaona. Huyu bwana mwenyewe aliniambia dukani kwamba nachanganya.

Akamwonyesha Waziri kwa kichwa, bila lawama. Kama shahidi wake.

Nikitaka kukupa sura ya Waziri nitakudanganya, kwa sababu sikuweza kumtazama. Nilitazama mikono ya Aune. Kwenye kifundo cha kulia palikuwa na kitambaa chekundu, kimefungwa mafundo mawili.

— Mama — nesi akasema polepole — miezi yote hii umekaa na hayo peke yako?

— Ningemwambia nani? Binti yetu yuko mbali, ana watoto. Na nilikuwa naogopa wakisema kweli ni mimi, huyu atabaki na nani? Yeye hawezi hata kuchemsha kiazi.

Taisto alikuwa anasikiliza. Uso wake ulikuwa umeingia wasiwasi, ule wasiwasi wa mtu anayemwona mwenzake analia na hajui kimeanzia wapi. Akampapasa mkono.

— Unaogopa mtihani, Aune? Ndio huo unaokuliza?

— Naogopa, Taisto.

— Aa, usiogope! — Akacheka, akaleta karibu rundo la tishu, akachomoa kalamu mfuko wa juu wa koti la Stima kana kwamba ni wake. Stima alimwacha. — Tazama. Ni kitu kidogo sana.

Akachora. Sijamwona mtu akichora kwa upendo namna ile. Duara moja, bila kutetemeka, kumi na mbili juu, sita chini, tatu, tisa, zilizobaki kila moja kwake. Na midomo yake ikawa inaimba kwa chini, kwa ile sauti ya kijiko kwenye kikombe.

— Mfupi kumi na moja, mrefu mbili. Umeona? Ukiweka hivyo tu wanakuachia. Halafu wanakupa maneno, unawarudishia. Shoka, pazia, samaki. Usihangaike kufikiri, we kariri. Hawa vijana watakufundisha hapa hapa, mama, wala hawadai kitu. Mimi walinifundisha mpaka nikaiva. Helvi anatoa na maandazi.

Akamwekea ile tishu kiganjani, akavifunga vidole vyake juu yake.

Aune aliitazama. Mvua ilikuwa inauchukua wino wake kidogo kidogo pembeni. Kisha akainua macho, akamtazama Stima, akamtazama Kengele, akamtazama Waziri, na mwisho akanitazama mimi niliyeshika birika. Nilitamani atutukane. Stima alikuwa amevua kofia, mvua inamnyeshea upara. Mimi masikio yaliniwaka mpaka shingoni, mwanamke mzima, nikajiona mdogo kuliko kijiko.

Nesi alimshika Aune begani, akatutazama na yeye. Ukweli ule ulikuwa wetu kuusema, na alijua hivyo.

— Kwa hiyo si mimi? — akauliza Aune.

Aliuliza kwa sauti ndogo, na kulikuwa na furaha ndani yake, furaha aliyoionea haya papo hapo, maana mkono wake ulikuwa bado ndani ya mkono wa Taisto. Ilikuwa ni kutamka ndiyo tu. Neno moja, Msavo yeyote analo. Lakini Taisto alikuwa ametugeukia sote wanne, kofia yake ya reli imekaa sawasawa, anatabasamu, anatutazama mmoja mmoja. Alikuwa anangoja tumsifie saa yake.